Mgonjwa Akikabidhiwa, Amana Imehamia kwa Nani?



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, swali ninaloleta katika ukurasa huu ni la wenzetu wanaosomea udaktari, lakini jibu lake nimelitafuta katika vitabu vyetu vya fiqhi. Daktari anapomaliza kazi yake kwa mgonjwa na kumwachia mwenzake, dhima ya mgonjwa yule imehama yote, imehama nusu, au haijahama kabisa? Na kama baina ya daktari wa kwanza na wa pili kuna jambo moja limeanguka chini, likamgharimu mgonjwa mguu wake, ni nani atakayeulizwa Siku ya Kiyama?

Nazungumzia wodi ya mifupa kwa makusudi. Hapa Uganda, kila aliyewahi kwenda kumzuru mgonjwa anajua kwamba wodi hiyo imejaa watu wa boda boda: madereva, abiria, na waliokuwa wakivuka barabara tu. Mtu aliyegongwa akiwa juu ya pikipiki mara nyingi haumii mahali pamoja. Mfupa wa paja umevunjika, kifundo cha mkono kimevunjika, na mgongo nao una mashaka. Katika hospitali kubwa, upasuaji wa mifupa umegawanywa kwa timu. Kuna timu ya majeraha ya ajali, timu ya uti wa mgongo, timu ya mikono, timu ya watoto. Kwa hiyo mgonjwa mmoja anaweza kupokewa usiku na kitengo cha dharura, asubuhi akachukuliwa na timu ya ajali, alasiri akahamishiwa kwa timu ya uti wa mgongo, na usiku unaofuata akalindwa na daktari wa zamu anayeangalia wagonjwa wa timu zote, ambaye hajapata kumwona hata mara moja. Siku mbili, mikono minne. Kila mkono una elimu yake na nia yake njema. Hatari iko pale mkono mmoja unapoachia na mwingine unapopokea.

Kitu gani kinaweza kuanguka?

Nitoe mfano ambao madaktari wa mifupa wote wanaujua. Misuli ya mguu chini ya goti imefungwa ndani ya vifuko vya utando mgumu usiotanuka. Mfupa ukivunjika, misuli huvimba. Kama uvimbe umezidi, na hasa kama mguu umefungwa plasta iliyobana, msukumo ndani ya vifuko hivyo hupanda mpaka damu inashindwa kupita. Misuli inaanza kufa. Muda uliopo ni mfupi, na madaktari hutaja takriban saa 6 kabla madhara hayajawa ya kudumu. Dalili yake ya mwanzo si kitu kinachoonekana kwa macho. Ni maumivu yanayozidi kiasi cha jeraha, yasiyotulizwa na dawa, na yanayopanda mgonjwa anaponyooshwa vidole vya mguu. Dawa yake ni kuipasua plasta yote mpaka kwenye ngozi, na isipotosha, kumpeleka chumba cha upasuaji na kuzifungua zile tando.

Sasa fikiria daktari anayemwona mgonjwa huyu kwa mara ya kwanza saa 8 usiku. Mgonjwa analalamika maumivu. Mguu uliovunjika lazima uume, kwa hiyo malalamiko peke yake hayamwambii mengi. Kinachomwambia ni ulinganisho: alikuwaje saa 2 usiku? Vidole vyake vilikuwa vinanyooka? Dawa ya maumivu amepewa mara ngapi? Majibu hayo yamo kichwani mwa daktari aliyeondoka. Kama hakuyasema, basi ameondoka nayo.

Hili nimelishuhudia kwa ndugu yangu mwenyewe, mtoto wa mama yangu mdogo, katika hospitali ambayo sitaitaja. Alivunjika mfupa wa mguu chini ya goti na akaumia mkono. Daktari aliyemfunga plasta jioni alimwambia mama mdogo, "Mama, maumivu yakizidi dawa, msisubiri asubuhi, iteni daktari." Kisha mgonjwa akahamishiwa wodi nyingine, chini ya timu nyingine. Katika faili kuliandikwa kwamba mfupa umevunjika, plasta imefungwa, aonwe Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa. Usiku ule mama mdogo alipoona kijana hawezi kuvumilia hata kuguswa kidole gumba, alikwenda kumtafuta daktari wa zamu. Aliulizwa, "Huyu ni mgonjwa wa nani?" Alipotaja timu ya kwanza, aliambiwa si wao tena. Alipotaja ya pili, aliambiwa hawajapewa habari zake. Alisimama mlangoni akarudia maneno ya daktari wa jioni neno kwa neno, mpaka mmoja akainuka. Plasta ikapasuliwa, na alhamdulillah mguu ukapona.

Nimeyafikiria sana makabidhiano yale. Daktari wa jioni alikuwa na elimu iliyohitajika, na aliikabidhi. Lakini aliikabidhi kwa mama wa mgonjwa, si kwa daktari mwenzake. Mwanamke asiyesomea udaktari ndiye aliyekuwa ameibeba amana ya timu mbili.

Hawala au dhamana?

Fiqhi yetu ina milango miwili inayofanana na jambo hili. Wa kwanza ni hawala. Zaidi ana deni kwa Amri, na Bakari ana deni kwa Zaidi. Zaidi anamwambia Amri, "Deni lako lichukue kwa Bakari." Hawala ikitimia kwa masharti yake, Zaidi ametoka. Deni limehama kutoka dhima yake kwenda dhima ya Bakari. Mlango wa pili ni dhamana, nayo ni mtu kuiweka dhima yake pamoja na ya mdaiwa. Hapa deni halihami. Mwenye haki anaweza kumdai huyu au yule.

Daktari anayetoka zamu kwa kawaida hujihesabu kuwa amefanya hawala: "Nimeshamwachia mwenzangu, sasa ni wake." Basi na tuyatazame masharti. Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alitufundisha kwamba mtu akielekezwa deni lake kwa mwenye uwezo, na akubali kuelekezwa huko. Ametaja mwenye uwezo. Wanazuoni wa Kihanbali walipofafanua uwezo huo hawakuishia kwenye mali. Waliangalia pia ukweli wa kauli yake na kwamba mtu mwenyewe anafikika. Sasa daktari mmoja wa zamu mwenye wagonjwa wa timu nne, ambaye yuko chumba cha upasuaji na hapatikani, je, huyo ni mwenye uwezo? Kumhamishia mgonjwa mahututi kwa jina lake tu, bila kujua kama anafikika, ni kuhawilisha kwa asiye na kitu.

Sharti jingine, katika madhehebu yetu ya Shafi'i, ni ridhaa ya mwenye deni. Huwezi kumhamishia Amri kwa Bakari bila Amri kujua na kukubali. Katika wodi, mwenye haki ni mgonjwa. Lakini ni wagonjwa wangapi huambiwa, "Kuanzia sasa daktari wako ni fulani, na timu yako ni hii"? Wengi hugundua kwamba wamehamishwa pale wanapomuuliza mtu swali naye akawajibu, "Mimi si daktari wako."

Kwa hiyo naona hivi. Mpaka mpokeaji awe amejua, akakubali, na mgonjwa akafahamishwa, makabidhiano bado ni dhamana, wala hayajafika kuwa hawala. Dhima ziko mbili, na mgonjwa ana haki ya kumshika yeyote kati yao. Baada ya hapo, kazi ya kumtibu imehama na aliyetoka anaweza kwenda kulala. Lakini kuna kitu kimoja kisichohama hata kwa hawala iliyo sahihi, nacho ni habari uliyokuwa nayo na hukuitoa. Hiyo mwenzako hakuipokea, basi vipi idaiwe kwake? Inabaki shingoni mwako.

Kimya cha mwenye kuwekewa amana

Mtu anaweza kusema kwamba nimebana mno, kwa sababu aliyewekewa amana hadhamini ila akivuka mipaka au akizembea. Ni kweli, na ni rehema kwa madaktari. Mgonjwa akifa mikononi mwa tabibu mjuzi aliyefanya wajibu wake, hiyo ni kadari ya Allah. Hata hadithi ya dhamana ya tabibu, iliyopokewa na Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah, inamtaja anayetibu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba.

Lakini angalia mafaqihi wetu wanahesabu nini kuwa uzembe. Katika mlango wa wadia, yaani mali iliyowekwa kwako uihifadhi, wanasema kwamba ukipatwa na maradhi yanayotisha, ni juu yako uirudishe kwa mwenyewe au wakili wake. Ukishindwa, uikabidhi kwa kadhi au kwa mtu mwaminifu, au uiusie kwa maelezo yanayoitambulisha. Usipofanya hivyo, umedhamini. Mtu huyu hakuiba wala hakuvunja kitu. Alichokifanya ni kunyamaza tu hali anajua kwamba anaondoka. Kimya chake kimehesabiwa kuwa uzembe, kwa sababu amana isiyojulikana imekwisha kupotea hata kama bado iko sandukuni.

Mgonjwa si nguo wala si dinari, na kiasi hiki kina mpaka wake. Lakini kama kimya juu ya kanzu ya mtu kinamdhaminisha aliyekaa nayo, kimya juu ya mguu wa mtu kitakuwa na hukumu nyepesi zaidi?

Kuandika na kukubali

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu, Al-Baqara 2:282, inahusu kuandika deni. Allah (S.W.T.) ametuamuru tuandike deni la muda maalumu, tusichoke kuliandika liwe dogo au kubwa, na mwenye kuandikisha awe yule ambaye haki iko juu yake, asipunguze chochote. Angalia ni nani anayetamka. Ni yule mwenye kubeba wajibu, kwa sababu maneno yake ni ushahidi juu yake mwenyewe. Nimeona fundisho kubwa hapa. Anayekabidhi mgonjwa asimwachie mwenzake kazi ya kuchimba faili. Yeye ndiye atamke: mgonjwa ni huyu, hali yake ni hii, ninachokihofia usiku huu ni kitu fulani, na kikitokea fanya hivi.

Nchini kwetu mgonjwa wa nje hununua daftari la shule, na daktari akaandika humo. Wengine hulicheka. Mimi naliheshimu, kwa sababu mgonjwa anatembea na maandishi yake mwenyewe kutoka kituo cha afya hadi hospitali ya rufaa. Kinachohitajika ni mwandishi asiyepunguza.

Na maandishi peke yake hayatoshi. Mkataba una ijabu na kabuli, utoaji na upokeaji. Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 9 za Marekani na Kanada, katika wodi za watoto, uliohusu wagonjwa 10,740 waliolazwa. Madaktari walio katika mafunzo walifundishwa utaratibu mmoja wa kukabidhiana: uzito wa ugonjwa, muhtasari wa mgonjwa, kazi zilizobaki, mambo ya kutarajiwa, na mwisho mpokeaji anarudia kwa maneno yake aliyoyasikia. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara yanayozuilika yalipungua kwa asilimia 30. Wodi zile si za mifupa, lakini hatua ile ya mwisho inahusu kila wodi. Kurudia kwa mpokeaji ni kabuli. Bila hiyo, mmoja amesema na hatujui kama kuna aliyesikia.

Imamu aliyetoka katika swala

Fiqhi pia imelitazama swali la mpokeaji asiyeyaona ya mwanzo. Mwaka 23 Hijria, Umar bin Khattab (r.a.) alipochomwa jambia katika swala ya Alfajiri, alimshika mkono Abdurrahman bin Awf (r.a.) na kumtanguliza. Swala ikaendelea. Amirul Muuminina, akiwa na jeraha lililomuua, hakuiacha safu bila imamu. Kwanza alimshika mtu, ndipo akaachia.

Mafaqihi wakauliza: je, kama aliyetangulizwa ni masbuku, aliyechelewa, naye hajui imamu alikuwa ameswali rakaa ngapi? Wanazuoni wa Kishafi'i wakasema afuate mpangilio wa swala ya imamu aliyetoka, si wa swala yake mwenyewe. Na kama haujui, awaangalie maamuma: amalizapo rakaa, wakijiandaa kusimama asimame, la sivyo akae. Maamuma walikuwepo tangu takbira ya kwanza, kwa hiyo imamu mgeni anaongozwa na anaowaongoza.

Daktari wa zamu ni masbuku. Timu iliyompokea mgonjwa siku ya pili ni masbuku. Waliokuwepo tangu takbira ya kwanza ni mgonjwa mwenyewe, na mama au mke anayelala chini ya kitanda, anayempikia na kumfulia. Kuwauliza hakumpunguzii daktari heshima. Daktari aliyeinuka usiku ule na kumsikiliza mama mdogo alifanya alichofanya imamu masbuku.

Na uchovu je?

Rafiki yangu anayesomea udaktari aliniambia, "Ndugu yangu, ukisema dhima haihami kirahisi, unataka tusilale." Ana haki ya kuuliza. Uchovu wenyewe huua. Nchini Marekani, kifo cha msichana aitwaye Libby Zion katika hospitali ya New York mwaka 1984 kilianzisha mjadala mkubwa wa saa za kazi za madaktari walio katika mafunzo, na kufikia mwaka 2003 nchi nzima iliwekewa ukomo wa saa 80 kwa wiki. Lakini saa zilipopunguzwa, makabidhiano yaliongezeka. Ukikimbia madhara ya daktari aliyechoka, unakutana na madhara ya daktari asiyemjua mgonjwa.

Jibu langu nalitoa katika Suratun-Nisaa 4:102, katika swala ya hofu. Kundi moja linaswali na Mtume (S.A.W.), jingine linasimama na silaha, kisha wanabadilishana. Sharia haikuwataka wote wasimame lindo daima, wala haikuruhusu hata dakika moja isiyo na mlinzi. Kuondoka ni halali. Kilicho haramu ni kuacha pengo.

Na pengo hilo mara nyingi halitengenezwi na daktari. Hutengenezwa na ratiba inayomtaka mmoja atoke saa 2 na mwingine aingie saa 2 ileile, bila hata robo saa ya kukutana kitandani. Hutengenezwa na timu mbili ambazo hazijakubaliana mgonjwa mwenye majeraha mawili ni wa nani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mkuu wa idara ameichunga ratiba, basi ataulizwa juu ya ratiba. Na kulinda mgonjwa wakati wa kuhama ni fardhi kifaya: akisimama mmoja wamesalimika wote, wakiachiana wote wamepata dhambi. Mwenye kusema "nilidhani ni wao" hana hoja, wala wale waliosema hivyohivyo juu yake.

Ndugu zangu mnaoelekea wodini, mkikabidhi, taja unachokihofia na usiondoke mpaka mwenzako amekirudia. Mkikabidhiwa, semeni wazi, "Nimempokea." Kisha mwambieni mgonjwa jina la anayebaki naye. Nasi tusiosomea tiba, tunapokwenda kuzuru mgonjwa, baada ya dua tumuulize swali moja: "Daktari wako sasa ni nani, na amekwambia uangalie nini?" Akijua, tumshukuru Allah. Asipojua, tusitoke wodini kabla hatujamtafutia jibu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiiq.